Mguu wa Kulia wa Kaka Mwakio

Jumapili mchana, 12 Agosti 1956
Mbololo

Ukungu haujaondoka tangu alfajiri. Kutoka hapa mlangoni siuoni hata mgomba wa kwanza. Tumesharudi kanisani, Baba amelala kidogo, na jikoni Mama ametundika blanketi la kaka juu ya moto likauke. Linanuka moshi nyumba nzima. Sijawahi kufurahia harufu ya blanketi kama leo.

Nianze mbali kidogo, daftari langu, maana juu ya jambo hili sijakuandikia hata neno. Niliogopa kwamba nikiliandika litaharibika.

Mwakio ni kaka yangu wa pekee, amenizidi miaka minne. Nilipokuwa darasa la kwanza alinibeba mgongoni kuvuka kijito wakati wa mvua. Nilipomaliza shule Desemba iliyopita, yeye ndiye aliyemwambia Baba nisiozwe haraka, ningoje nafasi ya kusomea ualimu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Mambo mengi ya maisha yangu nimeyasikia nikiwa nyuma ya mlango.

Kaka anakimbia mbio za maili. Kila mwaka kunakuwa na michezo kwenye uwanja ulio karibu na stesheni ya Voi, na mshindi wa maili huchukuliwa kwenda kushindana Mombasa. Amejaribu mara mbili, na mara zote mbili imekuwa vilevile. Mizunguko mitatu anaongoza. Wa nne, kwenye kona ya mwisho, paja la kulia linakataa. Haliumi sana, anasema. Linakataa tu, kama punda.

Mwaka jana nilikuwepo. Vijana wa Voi walimwimbia, "Mtu wa mlimani! Anashuka kama maji, anasimama kama tope!" Alicheka nao. Njiani kurudi hakucheka. Alisema atajaribu mara moja tu tena, na akishindwa atakwenda Kishushe kwa wale wanaotafuta madini, ambao huchukua vijana wenye nguvu wakakaa porini miezi na miezi. Mama aliposikia alienda kukoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu ndani.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama alisema ni chakula, akamwongezea kimanga cha muhogo na maharage. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema ni maombi. Shangazi alisema ni jicho la mtu. Karani anayesimamia mbio alisema ni pumzi, akimbie zaidi. Basi kaka akakimbia zaidi.

Mimi sikusema kitu. Kazi yangu ilikuwa kumkanda.

Kila jioni Mama alipasha mafuta ya mbarika, nami nikakaa kwenye kigoda, kaka akanyoosha miguu yake yenye vumbi jekundu. Mikono yangu ilijua kabla yangu. Paja la kushoto lilikuwa limejaa na kukaza kama kamba iliyosokotwa vizuri. La kulia lilikuwa jembamba, na baada ya mbio lilitetemeka chini ya vidole vyangu kama ngozi ya ng'ombe anayesumbuliwa na nzi. Siku moja nilichukua uzi wa katani, nikazungusha paja la kushoto na kufunga fundo. Nikauzungusha ule uzi kwenye paja la kulia. Kidole changu kizima kiliingia katikati.

Ndipo nikaanza kuifikiria njia.

Kaka hufanya mazoezi kwenye njia inayozunguka kilima chetu. Ni nyembamba, upande mmoja mlima, upande wa pili bonde. Siku zote aliianzia juu, mlima ukiwa kulia kwake. Mguu wa kulia ulikanyaga palipoinuka, ukajikunja tu. Wa kushoto ndio uliobaki chini kusukuma mwili wote. Lakini uwanja wa Voi unazungukwa kwa kukata kushoto, na kwenye kona ni mguu wa kulia, ule wa nje, unaosukuma. Miaka yote hiyo alikuwa akifundisha mguu mmoja na kushindana kwa mwingine.

Na kwa nini alianzia juu siku zote? Hapa hucheka peke yangu. Ni kwa adabu. Akianzia chini alfajiri atawakuta njiani akina mama wanaopanda na maji kutoka kijitoni, na kwetu humpiti mama mwenye mzigo kama mbuzi. Unasimama, unampisha upande wa mlima, unasema "Kwawuka mana," salamu yetu ya asubuhi, unaulizwa kama Baba ameamka vizuri, kama Mama ameamka vizuri, mahindi je, yule ng'ombe aliyekuwa mgonjwa je. Akina mama ni wengi. Hakuna mbio hapo. Akianzia juu, anafika kijitoni wote wameshaondoka.

Heshima ya kaka yangu ilikuwa imekula mguu wake.

Sikuweza kumwambia kwa mdomo. Niliandika kwenye karatasi, nikaitia katika mfuko wa shati lake. Alikuja nayo jikoni.

"Chao, mdogo wangu, tunakaa nyumba moja unaniandikia barua? Stempu iko wapi?"

Nilimwomba asimame kwa mguu wa kushoto, achuchumae, ainuke. Alifanya amekunja mikono, kwa maringo. Nikamwambia, sasa wa kulia. Alishuka nusu, akayumba, akaangukia kapu la kuku.

"Mwakio!" Mama akapiga kelele. "Kuku wangu anaatamia!"

Kaka alibaki chini, manyoya kichwani, akiutazama mguu wake kama mtu aliyemkuta ndugu amelala saa ya kazi. Kisha akauliza kwa upole, "Na akina mama je? Niwapite tu?"

Yeye hawezi kuwaomba jambo kama hilo, wangesema ana kiburi. Nilimtazama Mama. Mama alikuwa akihesabu mayai.

"Neno ni lako, mwanangu," alisema. "Lipeleke mwenyewe."

Usiku ule niliomba mvua inyeshe, kijito kifurike, mtu yeyote asiende. Haikunyesha.

Asubuhi, kijitoni, nilijaza mtungi, nikaumwaga, nikaujaza tena. Mama Mkamburi, ambaye sauti yake husikika mpaka kilima cha pili, aliniuliza kama ninayaosha maji. Basi nikasema yote kwa pumzi moja, macho yangu mtoni: kwamba kaka anaomba awapite bila kusimama, si dharau, ni kwa ajili ya mguu.



"Salamu zangu ndizo zimemlemaza?" akauliza Mama Mkamburi.

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kuutua mzigo wake. Mwingine akasema, "Asiponisalimia nitajuaje kama ni mwanetu au mwizi wa ndizi?" Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Halafu Mama Mkamburi akajifuta machozi ya kicheko, akasema, "Apite. Sisi tutamsalimia, yeye ajibu kwa miguu." Na aliponipita akanigonga bega. "Kumbe una sauti, binti wa mzee wa kanisa."

Hiyo ilikuwa mwezi wa Juni. Tangu siku hiyo, kijana anapanda mbio kutoka kijitoni na akina mama wenye mizigo kichwani ndio wanaompisha. Sikuwahi kuona jambo kama hilo kilimani kwetu.

Nikiri na hili. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Mguu wa kulia ulichoka mpaka akawa anashuka kuelekea zizini kinyumenyume, akaniita mganga wa uongo. Alisema kwa utani, lakini nililia nyuma ya zizi. Nikafikiri, na kama nimekosea? Kama nimemharibu, na ni mimi nitakayempeleka Kishushe? Nilimwomba apumzike siku mbili, na alinisikiliza. Baada ya hapo, kila Alhamisi, nilipima kwa uzi. Alhamisi iliyopita ilibaki nafasi ya nusu kidole.

Jana tulishuka Voi kwa miguu. Tuliuacha ukungu nyuma, tukakuta jua na vumbi. Mama Mkamburi alikuja na wenzake, eti wameleta ndizi sokoni. Sikuona ndizi zikiuzwa.

Wale vijana walikuwepo, na ule wimbo wao wa tope. Mizunguko mitatu kaka hakuongoza. Alikaa wa tatu, kama tulivyokubaliana. Wa nne ulipofika kwenye ile kona nilifumba macho. Nilisikia tu ile sauti ya kuvuka vilima: "Jibu kwa miguu, mwanangu!"

Nikafumbua. Mguu wa kulia ulikuwa unasukuma. Ulikuwa unasukuma! Akampita mmoja palepale konani, nami nikapiga kelele, mimi Chao, mbele ya watu.

Lakini yule wa mbele alikuwa mrefu, na alifika kwenye kamba kwanza kwa kifua tu.

Kaka akawa wa pili.

Mombasa anakwenda mmoja. Njia nzima ya kurudi kaka alitutangulia, na hatukuthubutu kumfikia. Nyumbani kulikuwa na furushi lake, blanketi na sufuria, ambalo alilifunga Ijumaa na kuliweka nyuma ya mlango wake. Alisema akishindwa. Na wa pili ameshindwa, si ndiyo?

Leo nilipoamka mkeka wake ulikuwa mtupu. Sikutazama nyuma ya mlango. Sikuweza. Nilitoka nje bila viatu, nikasimama kwenye ukungu, sijui nikingoja nini.

Kisha kutoka chini, upande wa kijito, nikasikia kicheko.

"Leo Jumapili, Mwakio! Baba yako anajua?"

Na nyayo zikipanda. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, zote kwa mlio mmoja. Alitokea amelowa kichwa mpaka magoti, akanipita bila kusimama.

"Ule uzi usiutupe," alisema. "Bado nusu kidole."

Mama aliingia chumbani kwa kaka. Alilifungua furushi, akalitundika blanketi jikoni, akasema lina unyevu. Wakati wa chai Baba alikohoa, akasema amesikia kuna mtu amekimbia siku ya Bwana. "Nilikuwa nawahi kanisani, Baba," kaka akajibu. Baba aliinamia kikombe chake, lakini niliona masharubu yakicheza.

Uzi uko hapa, nimeuweka katikati ya kurasa hizi.

Kesho alfajiri nitashuka kijitoni kabla ya wote. Wakifika, nitawasalimia mimi kwanza, mmoja mmoja, bila kutazama maji.