Sheria za Grupu la Ukoo

Jumapili, 6 Julai 2025
Grupu la ukoo limegeuka soko! Timoth, binamu yetu wa Songea, leo katuma video za wahubiri mfululizo, na maua ya "asubuhi njema". Admin ni mimi, nimechoka. Nimeandika sheria upya: hakuna kufowadi ovyo, hakuna herufi kubwa tupu kama mnafokeana, ugomvi uende inbox. Na ile ya wazee nimeiweka peke yake: msiba hauandikwi humu mpaka mtu afike kwa wafiwa, aketi nao, aseme kwa mdomo wake. Timoth kajibu kwa kidole gumba. Hajasoma, namjua.

Jumatano, 9 Julai
Kaka Obed kalazwa Njombe. Mapafu. Nimemuunga Mama kwenye grupu ili amsikie mwanawe. Yuko peke yake kijijini Ipelele, kusoma hawezi, ila sauti anasikiliza na picha anaziona. Obed kamtumia sauti: anaendelea vizuri, asihofu. Alikuwa anahema. Mama akajibu kwa Kikinga, sauti ndefu, akicheka. Nimefurahi—wazo langu hilo!

Ijumaa, 11 Julai
Obed ametutoka alfajiri. Kaka yangu.

Baba mdogo Faustine ameondoka Njombe kwenda kumwambia Mama. Amenikataza nisimpigie, maana nitalia tu. Niko hapa Makambako, nimekaa na simu mkononi.

Mchana
Timoth! Picha ya Obed, mshumaa, PUMZIKA KWA AMANI. Pole zinamiminika chini yake. Nimefuta. Wanaweka mishumaa mingine, nafuta, wanaweka. Watu wazima kabisa! Nimepiga kwa jirani yake Mama, Asteria: Mama yuko shambani, simu kaiacha ndani. Mungu mkubwa. Nikafuta zote zilizobaki, nikamtoa Mama kwenye grupu haraka, kabla hajarudi.

Baadaye
Mama kapiga. Nikapokea—nilidhani Baba mdogo amefika. Hajafika. Mama anasema alitaka kumtumia Obed sauti, simu inakataa, na Asteria kamsomea kwamba ametolewa. Amekosa nini? Akasema kama anamchosha mgonjwa kwa maneno mengi, nimwombee msamaha kwa Obed. Atanyamaza. Arudishwe tu, awe anasikiliza.

Nimekata simu. Baba mdogo hapatikani, huko milimani hakuna mtandao.

Mama anapiga tena.