Herufi Nilizokubandikia, Baba

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako cha kamba hapa sebuleni. Mama amejilaza baada ya chakula cha mchana, sitaki kumwamsha. Upepo unapiga bati kama kawaida yake. Mahindi tumeyapukuchua bila wewe, na yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo ambayo ungeuliza kwanza.

Sasa niseme lile nililoshindwa kulisema makaburini.

Asubuhi ile ulipoanguka zizini tulikukuta bado umeshika kamba kwa mkono wa kushoto, mdomo umekwenda upande. Hospitalini wakasema ni kiharusi. Tulipokurudisha nyumbani Milanzi mkono wako wa kulia ulikuwa umekufa, na sauti haipo. Wewe, Baba, uliyekuwa ukimaliza maneno ya watu kabla wenyewe hawajayamaliza! Mwezi mzima ulitutazama tu.

Kisha sauti ikarudi, na tulipoisikia tukaogopa. Kiswahili hakikuwemo. Kifipa pia hakikuwemo, kile mlichozoea kuongea wewe na Mama sisi watoto tukiambulia nusu. Lilikuwepo neno moja. "Vada," ulisema, ukimtazama Mama. "Vada. Vada." Yalifuata na mengine ambayo hatukuweza hata kuyashika. Mjomba akasema unaweweseka, aitwe katekista. Katekista akaja, akasali vizuri kabisa, na alipokupa mkono ukamwambia, "Vada."

Siku moja jikoni, Mama, akichekecha unga wa ulezi, akaniuliza bila kuinua uso, "Editha, huyu Vada ni nani?"

Alijua ulisoma Urusi udaktari wa mifugo kabla hujamwoa. Sote tulijua, cheti chako kipo ukutani. Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Namlisha mtu maisha yangu yote, mwishoni anamwita mwingine."

Tangu siku hiyo alikuogesha, akakulisha, akakugeuza ubavu, lakini usoni hakukutazama. Sijui kama uliliona hilo. Mimi niliona, na Mungu anisamehe, nilikukasirikia kwa niaba yake.

Mzee Masanja ndiye aliyetufumbua macho. Alipanda kutoka Kaoze kuja kukuona, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na salamu za Wasukuma wote wa bondeni ambao uliwachanjia ng'ombe tangu walipohamia. Akakaa kando ya kitanda, akakusikiliza. Ghafla akaanza kucheka mpaka akavua kofia. "Mbona hiki ni Kirusi! Ng'ombe akimpiga teke, dokta alikuwa anamtukana hivihivi. Hata wachungaji wangu walishajifunza."

Alipoondoka nilifungua kompyuta. Unajua kazi yangu, Baba, kuchapa barua za watu dukani na kutoa fotokopi, lakini herufi nilizowahi kuchapa ni hizi zetu tu. Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, nikatafuta Kirusi kwenye orodha ndefu nikakiongeza. Kumbe kuna kibodi zaidi ya moja. Kwanza nilichagua ile inayofuata sauti: ukibonyeza v yetu, inatokea v yao. Nikaandika neno lako kama nilivyolisikia, вада, nikalipeleka kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Ikanirudishia lilelile, kana kwamba nayo inauliza Vada ni nani. Sikujua kwamba Warusi wanaweza kuandika o mahali wanaposema a.

Nikaona wewe mwenyewe ndiye wa kuandika. Nikabadilisha, nikaweka kibodi wanayotumia Warusi wenyewe, nikakuwekea kompyuta mapajani. Ukaangalia vitufe. A, S, D, F. Ukaisukuma kwa mkono wa kushoto, nusura ianguke, ukageukia ukutani. Nilidhani umekataa. Baadaye ndipo nikaelewa: ndani ya mashine Kirusi kilikuwepo, lakini juu ya vitufe hukukiona.

Kesho yake dukani nilichapa herufi zao zote thelathini na tatu, nikazikata kwa mkasi ndogondogo, nikazibandika kwa selotepu moja moja juu ya vitufe. Juu ya F nikaweka А, juu ya D nikaweka В, ambayo kwao ni v. Zilinichanganya, kwa kuwa nyingine zinafanana na zetu lakini si zetu. Н yao ni n. Р yao ni r. Nilikosea mara mbili, nikabandua, nikabandika upya.

Ulipoziona, Baba. Ulipitisha kidole juu ya kila moja bila kubonyeza, kama mtu anayekagua meno ya ndama. Machozi yakakutoka upande mmoja tu wa uso. Halafu ukabonyeza nne, taratibu: вода.

Simu ikasema: maji.

Maji, Baba. Ulikuwa na kiu. Uji tulikupa, chai tulikupa, dawa ulimezeshwa kwa uji, na maji ya kunywa matupu hakuna aliyekumbuka kwamba mtu huyatamani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Nikamwambia, "Anaomba maji, Mama. Vada ni maji." Akaweka bakuli sakafuni palepale, akaenda kwenye mtungi, akarudi na kikombe. Akakuinua kichwa. Ulikunywa ukamwagikia kifuani, yeye akawa anakufuta kwa upindo wa kanga, akikutazama usoni. "Kumbe maji," alisema. "Kumbe maji tu, Baba Editha."

Nilimuuliza daktari. Aliniambia hutokea, ingawa si mara nyingi, kiharusi kikamnyang'anya mtu lugha aliyozaliwa nayo na kumwachia ile aliyojifunza ukubwani. Nilipomweleza Mama, akasema, "Basi kimechukua ile ya kwetu." Maji yaliondoa wivu, lakini hilo lilibaki likimuuma. Wewe ulimposa kwa Kifipa. Ugomvi wenu wote ulikuwa wa Kifipa.

Baada ya hapo tulikuwa na siku nzuri, wewe na mimi. Uliandika una baridi, tukahamisha kitanda dirishani. Uliandika nani anamkamua mwekundu. Siku moja Mama akanivuta kando, akaniambia kwa aibu ya msichana, "Muulize kama bado ananijua." Nikaandika kwa Kiswahili, simu ikageuza, nikakuonyesha. Ulisoma muda mrefu. Ukaandika Леонсия. Nikamwonyesha Mama kwa kidole, silabi kwa silabi: Le, o, n, si, ya. Leonsia, jina lake. Akaniomba nimchapie kwenye karatasi. Ameiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Basi, Baba, nimefika kwenye lile nililoshindwa kulisema.

Alhamisi ile nilipita hapa nyumbani mara moja kuchukua karatasi. Dukani watu walikuwa wananisubiri, kadi za harusi hazijaisha. Nikakukuta unaandika. Yalikuwa mengi, mistari saba au minane, kwa kidole kimoja, sijui ulianza saa ngapi. Ukanishika sketi. Ukanionyesha kioo cha kompyuta, ukamnyooshea kidole Mama aliyekuwa nje akianika ulezi, ukarudi kwenye kioo. Nami nikakwambia, "Kesho, Baba. Kesho nitasoma yote." Nikahifadhi, nikafunga kompyuta, nikatoa vidole vyako kwenye sketi yangu. Nilivitoa mwenyewe. Kimoja kimoja.

Alfajiri ya Ijumaa Mama akaja kuniita kwangu.

Sikuifungua ile kompyuta. Tumekuzika, watu wametawanyika, arobaini imepita, na mimi nilikuwa nachapia watu dukani kwa mashine nyingine. Juzi ndipo nikapata moyo. Nikayapeleka maandishi yako kwenye simu yatafsiriwe. Yakarudi takataka, Baba, maneno yasiyoshikana, mengine hayakugeuka kabisa. Nikalia. Nikasema ugonjwa ulikuwa umefika hadi kidoleni, kwa hiyo hata ningesoma ile Alhamisi, nisingepata kitu. Na utaona ubaya wangu: nilipata nafuu kidogo.

Sijui kwa nini nilianza kuyasoma kwa sauti. Herufi zako nazijua sasa, nilizibandika kwa mikono yangu. Nilisoma silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama alikuwa anachambua maharage. Akaacha.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena, polepole."

Kilikuwa Kifipa. Kilikuwa kimeanza kukurudia, Baba, kidoleni kabla ya mdomoni, na hukuwa na herufi nyingine za kukiandikia ila hizo nilizokuwekea. Ulitaka nimsomee Mama. Kazi yangu ilikuwa kutoa sauti tu.

Nilimsomea mistari yote, mimi nikielewa kidogo, yeye akielewa yote. Katikati akaanza kujibu. Hakunijibu mimi. Aliitazama kompyuta, akajibu kwa Kifipa, kwa sauti ile ya zamani mliyokuwa mkisemezana chumbani. Mstari wa kwanza ulimuuliza kama amekula. Mingine siiandiki hapa, kwa sababu ni yake. Alipomaliza akajifunika kanga usoni, akalia kwa namna ambayo hakulia hata siku ya mazishi. Kisha akaniambia, "Usijilaumu. Amenifikia." Mimi bado najilaumu. Ningesoma siku ileile, ungelisikia jibu lake kwa masikio yako.

Nisamehe ile kesho, Baba.

Nimehamia hapa nyumbani tangu jana, na nimemwomba Mama anifundishe Kifipa chote, si ile nusu. Jioni tutasonga ugali wa ulezi, tutakula sahani moja. Nakuahidi Leonsia wako hatakula peke yake maadamu mimi nipo hai. Pumzika kwa amani, dokta wa watu. Nimemsikia Mama anaamka, ananiita.

Binti yako,
Editha