Breki Alizofunga Mama

Wanangu,

Nimekwenda kujaza mtungi wa gesi ya safari. Chai iko kwenye chupa, osheni vyombo. Msimwamshe mama yenu, jana kutwa alikuwa chini ya trela letu la kulala akilifungia breki za umeme. Nilimwambia, "Mama watoto, kazi hii tumwachie fundi." Akanijibu, "Nipe spana, halafu kaa pembeni."

Leo alfajiri nimelijaribu mteremkoni. Lori likachomoka ghafla mbele yangu. Nikakanyaga breki, na trela, lililozoea kutusukuma kwa nyuma, likasimama papo hapo, limetulia tuli. Nikabaki nacheka peke yangu.

~~Akiamka mwambieni breki ziko sawa.~~ Acheni. Anastahili kulisikia hilo kutoka kwangu, mimi niliyemtilia shaka.

Baba