Vita Sebuleni Kwetu

Jumapili, 8 Oktoba 2017

Kipindi kimeanza leo kwenye runinga. Sehemu ya kwanza kati ya kumi. Vita vya Vietnam tangu mwanzo hadi mwisho, saa moja jioni, wiki mbili.

Nilidhani mume wangu Wendell atakataa. Miaka yote, helikopta ikitokea tu kwenye runinga, anabadilisha chaneli. Leo kavuta kiti mbele kabisa. Kavaa miwani. Rimoti kaiweka juu ya kabati, mahali ambapo mkono haufiki bila kusimama.

Bi. Hudak wa ng'ambo ya barabara kaja kutazama nasi. Miaka tisini na miwili! Kaja na mkate wake wa kuviringisha wenye njugu, kama vile tunakwenda harusini. Mwanawe wa pekee, Stevie, alifia kule. Januari 1970. Nikamuuliza kama ana hakika anataka kuona mambo haya.

"Verna, mimi nimeshamzika mwanangu. Runinga itanifanya nini?"

Sehemu ya kwanza ni vita vya Wafaransa tu. Bi. Hudak kasinzia. Wendell hakugusa mkate.

Jumatatu, 9 Oktoba

Leo wameonyesha askari wanapita kwenye mashamba ya mpunga, matope hadi kiunoni. Wendell kacheka. Kicheko kibaya, kifupi.

"Runinga haina harufu," kasema.

Basi. Maneno matatu. Lakini ni maneno matatu zaidi ya yote aliyowahi kuniambia kuhusu kule, na tumeoana mwaka wa arobaini na nane huu.

Jumanne, 10 Oktoba

Jumanne Wendell huenda kunywa kahawa klabu ya askari wastaafu. Jumanne ndipo nampigia Lenny. Imekuwa hivyo tangu baba alipofariki. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, nampigia simu ndugu yangu kwa kujificha kama msichana mwenye mchumba!

Lenny naye anatazama. Hamilton, kule Kanada anakoishi, wanaipata chaneli yetu. Kalazwa kitandani sebuleni, ana mpira wa oksijeni puani. Binti yake Nadine anamkataza asitazame, eti anajitonesha.

"Dada, wamefika wapi kwenu? Wameshanionyesha mimi?"

"Wewe nani akuonyeshe?"

"Sehemu ya waoga. Lazima wana sehemu ya waoga." Kacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikasubiri dakika nzima. Kisha akauliza kama kawaida yake: "Wendell hajambo?"

Kila mara anauliza. Anamuulizia mtu aliyekataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba hii. Mimi huona ni kejeli. Nikasema hajambo, nikakata kabla gari halijaingia.

Jumatano, 11 Oktoba

Maiti. Maiti. Maiti. Bi. Hudak kaondoka mapema, miguu inamuuma. Wendell kamsindikiza hadi mlangoni kwake, kama anavyofanya tangu tulipooana. Wa kuondoa theluji yake ni Wendell. Wa kutengeneza mabomba yake ni Wendell. Anamwita mama.

Sijala.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo maandamano. Vijana wanachoma karatasi zao za kuandikishwa jeshini. Wasichana wanaimba. Nilimtafuta Lenny katika kila uso — ujinga, Lenny hakuandamana popote. Alikuwa na miaka kumi na tisa, barua ya kuitwa ilipokuja akaiweka chini ya sahani ya baba, na Jumamosi moja hakuwepo. Aprili 1969. Baba alichukua mkasi akamkata kwenye kila picha. Nina picha ya kipaimara changu, nimeshikwa bega na mkono usio na mtu.

Wendell alikuwa mchumba wangu wakati ule, katoka vitani miezi mitano tu. Kaketi meza ya baba, kasema kwa sauti, "Mwoga huyo. Asitajwe." Baba akammiminia bia.

Bi. Hudak leo kasema, "Mungu anisamehe, wale waliokimbia sijaweza kuwasamehe. Samahani, Verna. Najua wa kwenu yumo."

Nikasema si kitu. Nini tena ningesema! Wendell alinyanyuka kwenda kuongeza kahawa. Kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Jumapili, 15 Oktoba

Acha niandike kama ilivyotokea.

Walimhoji mzee mmoja, zamani karani wa bodi ya kuandikisha vijana. Mji mdogo kama wetu. Anaongea taratibu kama mtu anayeeleza njia ya posta. Kasema kila mwezi walipewa idadi ya vijana wa kupeleka. Mmoja akitoroka, wanashuka kwenye orodha, wanamchukua anayefuata. Idadi ilikuwa lazima itimie.

Bi. Hudak kasema, "Kumbe."

Kisha nikamwona anahesabu kwa vidole, polepole, kama mtoto.

"Lenny wenu aliondoka Aprili. Barua ya Stevie ilikuja Mei." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa kama mtu aliyepata tarehe aliyoisahau. "Bodi ilikuwa moja ile ile, sivyo? Ile ya juu ya duka la viatu."

"Bi. Hudak, vijana walikuwa wengi mno —"

"Si nauliza tu, mwanangu."

Mlango wa nyuma ukabamizwa. Wendell katoka bila koti. Mvua inanyesha. Nilimkuta amesimama kando ya gari, mikono juu ya paa, kama mtu anayepekuliwa na polisi. Nikamwita. Akasema, "Mpeleke mama kwake. Leo mpeleke wewe."

Jumatatu, 16 Oktoba

Asubuhi nakaanga mayai. Wendell kakaa mezani, hajanyoa.

"Mimi ndiye niliyempeleka."

"Nani? Wapi?"

"Lenny. Buffalo, hadi ng'ambo ya daraja, upande wa Kanada."

Mayai yaliungua. Niliyaacha yaungue.

Kaniambia yote, akitazama mikono yake. Jumamosi ile aliyosema anakwenda kuvua samaki Ziwa Erie. Naikumbuka! Alirudi bila hata samaki mmoja na baba akamtania. Alivaa sare na nishani zake zote. Askari wa mpakani kampigia saluti, kauliza huyu kijana nani. Shemeji yangu, tunakwenda kuvua. Karibuni, rudini salama. Ilikuwa rahisi hivyo. Upande wa pili Lenny alilia, na Wendell akamwambia akithubutu kumwambia mtu yeyote, hata mimi, atakuja kumvunja meno.

"Kwa nini ulimpeleka?"

"Kwa sababu nilikuwa nimetoka kule, Verna."

"Na kwa nini basi — baba anamkata kwenye picha, na wewe umekaa pale unamwita mwoga!"

"Mwanzoni ilikuwa kujificha tu. Ningesema nini mbele ya mzee? Halafu Stevie akarudishwa kwenye sanduku." Akageuza viganja juu. "Sikuhitaji runinga kunieleza orodha. Yule karani wa juu ya duka la viatu aliniambia mwenyewe, mazishini. Bila kujua anaongea na nani. Ikabidi Lenny awe mwoga kwelikweli. Asipokuwa yeye mwenye makosa, ni nani?"

Nilimwambia neno ambalo siwezi kuliandika. Kisha nikamwambia, "Umenifanya nimzike ndugu yangu angali hai."

Hakujitetea. Heri angejitetea, ningepata wa kupigana naye.

Jioni alitazama peke yake. Bi. Hudak hakuja. Mimi nilikaa chumbani, nasikia milio ya bunduki ukutani.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimempigia Lenny. Kapokea Nadine. Wamemhamishia hospitali tangu Jumapili, mapafu yamejaa. Alimwekea simu sikioni.

"Lenny, Wendell kaniambia."

Pumzi tu. Mashine inavuma. Kisha: "Hatimaye, lo. Meno yangu yamepona." Yuko hoi lakini anatania! Kisha kasema, "Usimgombeze, dada. Kutoka Buffalo alirudi peke yake."

Nililia.

Miaka yote alikuwa anauliza kwa dhati. Hajambo? Wendell hajambo?

Jumatano, 18 Oktoba

Mapazia ya Bi. Hudak yamefungwa. Nilimpelekea supu. Kapokea sufuria mlangoni, kasema asante, hakunikaribisha ndani. Hajawahi kunifanyia hivyo.

Wendell kauliza, "Kasema chochote?"

"Hajui kitu cha kusema. Bado anadhani ni Lenny peke yake."

Alhamisi, 19 Oktoba

Sehemu ya kumi. Helikopta zinasukumwa baharini kutoka kwenye meli ili wengine wapate pa kutua. Watu wananing'inia kwenye mageti ya ubalozi. Kisha majina, majina, muziki, kisha tangazo la dawa ya mgongo.

Wendell kasema, "Ndiyo hiyo basi?" Kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Nilimwambia kesho nakwenda Hamilton, aje asije. Nilimsikia anatafuta pasipoti yake kwenye droo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Asubuhi. Ujumbe wa Nadine: Shangazi, kama mnakuja, njooni leo. Ni mwendo wa saa tano. Mabegi yako garini.

Wendell kanyoa, kavaa shati la kanisani. Nikadhani tunaondoka. Kasimama mlangoni.

"Kwanza nivuke barabara."

"Wendell, hatuna muda. Mwambie tukirudi."

"Tukirudi nitakuwa mwoga tena. Najijua."

"Akikufukuza?"

"Anifukuze."

"Ana miaka tisini na miwili. Ni kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Alifikiri kweli. "Sijui," kasema, akaenda.

Nimekaa dirishani jikoni, naandika ili mikono ipate kazi. Bi. Hudak kafungua. Kabla hajasema lolote kampapasa shavu, kama anavyompapasa siku zote. Wakaingia. Hiyo ni saa mbili na dakika kumi.

Saa mbili na nusu. Hakuna kitu. Pazia halijasogea.

Saa tatu kasorobo. Je, kama moyo wake umesimama? Je, kama ni wa Wendell?

Mlango umefunguka. Ni Bi. Hudak. Peke yake! Na viatu vya ndani, bila koti, na baridi hii. Kashika nguzo ya baraza. Anatazama huku. Wendell hatoki.

Anashuka ngazi. Anavuka. Gari la shule limesimama kumpisha, hata halitazami.

Simu inatetemeka mezani. Hamilton.

Kafika barazani kwetu. Uso wake siwezi kuusoma, nimeujua miaka yote hii na siwezi kuusoma. Anagonga kwa kiganja, si kwa ngumi. Simu imenyamaza. Imeanza tena. Anagonga. Nimesimama katikati ya jiko, kalamu mkononi, na sijui nianze na mlango au na simu.