Nitalala kwa Nani Élisabethville?

Mpendwa Mama Berthe, mshauri wetu,

Naomba msaada, na naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: nimewadanganya masista. Wiki ijayo nakwenda Élisabethville kufanya mtihani wa kuingia shule ya walimu, na Sista Hélène alipouliza darasani kila mmoja atalala wapi, Gertrude akadakia, "Huyu iko na vitabu tu, ndugu hana!" wenzetu wakacheka, nami kwa haya nikasema nina baba mudogo kule, basi Sista hakuniwekea kitanda kwa masista wa kule, kumbe baba mudogo huyo hayupo, ndugu yangu pekee kule ni mama mukubwa, dada wa mama yangu, sisi ni Waluba wa Kasai, naye tangu fujo za kutuwinda zianze amekimbilia kambi ya wakimbizi, na kwenye gari moshi askari huuliza kila mtu analala kwa nani, nikitaja kambi watanishusha, nisipolala kwake mama atalia, maana kwetu kulala katika mji wa mama mukubwa bila kulala kwake ni kumtangaza amekufa. Jina langu ulifiche.

Msichana wa Shituru, Likasi

Binti yangu,

Pole. Lakini vitabu vyote hivyo, na cheko moja tu la Gertrude likakunyang'anya ukweli? Askari akikuuliza mtaa wa huyo baba mudogo, utamjibu nini? Kambini usilale. Mama mukubwa alikimbia apone, si akuite kwenye risasi. Nenda kwa Sista leo hii, umwambie yote, uombe kitanda. Atakukaripia, simama ukaripiwe. Mama yako naye usimfiche. Mila inataka mama mukubwa akuone na akulishe. Usiku haiwezekani, basi uende mchana, na usiende peke yako.

Mama Berthe,

Nilikwenda kwa Sista. Alinikaripia hadi nikalia, akanipa kitanda. Ndani ya gari moshi askari akasimama mbele yangu. "Weye, unalala kwa nani?"

"Kwa masista."

"Na mama yako, muntu wa wapi?"

Sista Hélène, aliyetusindikiza, akafunga kitabu chake cha sala. "Uniulize miye. Huyu ni mutoto wetu." Askari alitutazama sana, akapita.

Baada ya mtihani nilifuatana na masista waliopeleka dawa kambini. Mama mukubwa alinishika mabega, akauliza swali lile lile la askari: "Unalala kwa nani?" Nikamwambia. Akamega bukari, ugali wetu, katika sahani yake, akanilisha kwa mkono wake. Nilikula nimesimama, tukarudi kabla ya giza.