Tela la Kungojea Mazishi

Torsby, Dakota Kaskazini
1 Desemba 1984

Mdogo wangu Delmar,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Yuma, na mgongo wako umepata nafuu. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nafua.

Kadi yako nimeipata, ahsante. Ni kweli, mume wangu Arvid amefariki, tarehe ishirini na nne, akiwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili alikuwa amekishika mkononi. Ardhi ilikuwa imeshaganda, kwa hiyo hatukuzika. Ibada tulifanya, kahawa na mikate ya nyama tulikula kanisani, kisha Palmer Lunde, mchimba makaburi wetu, akamweka katika kile chumba cha mawe pale makaburini. Humo yumo pia bibi mmoja wa ukoo wa Olson aliyemtangulia kwa siku tatu. Watakaa mpaka mwezi wa tano, ardhi itakapokubali jembe, kama alivyokaa mama. Unakumbuka. Au pengine hukumbuki, maana siku ya kumzika hukutokea.

Nyumba, kama ujuavyo, tuliiuza Septemba. Walioinunua wanahamia tarehe ishirini. Mpango ulikuwa kununua tela la kuishi na kuja huko kwenu kuota jua na wazee wenzetu. Tela nitanunua. Kuja, siji. Siwezi kumwacha Arvid juu ya ardhi nikaenda zangu kula machungwa. Palmer ameniruhusu kuegesha nyuma ya nyumba yake, kando ya makaburi, nichukue na umeme kwake.

Wewe umelala kwenye matela majira saba ya baridi, kule visimani kwenye mafuta. Niambie ninunue la namna gani. Sikuombi kitu kingine.

Ni mimi dada yako,
Lavonne


Yuma, Arizona
7 Desemba 1984

Dada yangu mpendwa,

Pole sana. Pole tena. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Mimi ni mzima, mgongo ni ule ule. Arvid alikuwa mtu mwema na alinivumilia kuliko nilivyostahili.

Kwanza niseme, ujue nimesema: njoo huku. Palmer atakupigia simu ardhi ikilainika, utapanda basi urudi. Hakuna atakayekulaumu. Haya, nimemaliza, najua umeshatikisa kichwa.

Sasa sikiliza. Mwuzaji atakuonyesha jiko, kabati na pazia. Wewe usiangalie. Mwambie unataka kulala chali chini ya tela, na kweli ulale, hata kama kuna theluji. Ukiona matangi na mabomba yananing'inia nje kama matumbo ya samaki, nyanyuka, jipanguse, nenda zako. Unataka lililofunikwa chini mwanzo hadi mwisho, joto la hita lipite humo hadi kwenye matangi. Madirisha yawe madogo, vioo viwiliviwili. Madirisha makubwa ni ya watu wanaotazama ziwa mwezi wa saba. Usichukue refu. Kila futi utakayoongeza, utaipasha wewe. Lisilokuwa na mitungi miwili ya gesi usilitake, maana mmoja utakwisha siku ya upepo mbaya kuliko zote. Na kile kibandiko mlangoni kinachosema linafaa misimu yote minne, kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona zaidi ya miwili.

Bomba la maji machafu usiliache wazi, dada. Litafunguliwa tangi likijaa, lifungwe hapo hapo. Ukiliacha wazi litatiririka kidogo kidogo na kuganda, na utakuwa na nguzo ya barafu ambayo siwezi kukueleza katika barua ya heshima.

Kuhusu mama, nakumbuka.

Mdogo wako,
Delmar


Torsby
18 Desemba 1984

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, na wewe natumai hivyo hivyo. Nimenunua.

Nilikwenda Minot na Palmer. Yule mwuzaji alikuwa kijana wa tai nyekundu. Alinipeleka kwenye moja lenye futi thelathini na mbili, vioo kila upande, na kitanda cha kifalme. Nikamwambia nataka kulala chini yake. Akacheka. Nilipolala kweli akaacha kucheka, akaniletea zulia la gari. Matumbo ya samaki, kama ulivyosema. La pili lilikuwa la bati jembamba. Niligonga ukuta kwa kidole, mtu aliyekuwa upande wa pili akaitika "Karibu!"

La tatu lilikuwa nyuma kabisa, la rangi ya uji, futi ishirini na mbili, la mtu aliyefanya kazi kwenye mafuta kama wewe. Chini limefungwa lote. Madirisha kama ya jela.

"Hili si la mama kama wewe," yule kijana akasema. "Mzee yuko wapi, aje aone mwenyewe?"

"Yuko chumba cha maiti makaburini," nikamwambia. "Anangoja ardhi iyeyuke."

Palmer akatazama viatu vyake. Kijana akaniuliza kama ningependa kahawa. Nikasema ningependa funguo.

Kitanda ni cha mtu mmoja na nusu. Nimehamia jana. Nyumba niliifagia, nikaacha funguo juu ya friji, nikatoka. Nilidhani ningejisikia namna fulani. Sikujisikia kitu.

Asubuhi nakwenda kumsalimu Arvid. Ni hatua mia moja na arobaini. Mlango ni wa chuma na umefungwa, kwa hiyo nasimama nje.

Dada yako,
Lavonne


Yuma
30 Desemba 1984

Dada,

Heri ya mwaka unaokuja. U hali gani? Umechagua vizuri, ningelichagua hilo hilo. Huyo kijana wa tai atawasimulia wajukuu wake habari zako.

Hujaniambia umezibaje pale chini, kati ya tela na ardhi. Upepo ukipita chini hakuna hita itakayokusaidia. Niandikie. Na uniandikie pia unavyojisikia wewe, si mabomba peke yake.

Mdogo wako,
Delmar


Torsby
20 Januari 1985

Mdogo wangu Delmar,

Salamu nyingi. Samahani kwa kuchelewa, kalamu imekuwa nzito. Hatujambo, isipokuwa baridi. Wiki hii imefika arobaini chini ya sifuri, mate yanakuwa jiwe kabla ya kufika chini.

Usihofu kuhusu pale chini. Vijana wa Haugen waliniletea marobota ya mabua ya ngano, nikalizungushia tela pande zote nne, moja juu ya jingine, kama tulivyoizungushia nyumba kila vuli tangu tukiwa watoto. Baba angesifu. Hupati hata pa kupenyeza kidole. Tundu la hewa la paani nimelishindilia mto wa Arvid, na matundu ya sakafuni nimetia matambara. Mshumaa hautikisiki humu ndani.

Umeuliza ninavyojisikia. Kichwa kinaniuma kila asubuhi. Nikienda kusimama kwa Arvid kinaachia, nikirudi kinarudi. Miguu mizito. Nalala saa kumi na nne na kuamka nimechoka. Nasoma mstari mmoja mara tatu. Mchungaji anasema huzuni hukaa mwilini, nisipambane nayo, kwa hiyo sipambani. Silii. Tangu siku ile sijalia, Delmar, hata tone. Mtu niliyeishi naye miaka thelathini na nane. Watu wananitazama wakingoja, na mimi nawatazama wakingoja.

Juzi Inez, mke wa Palmer, alikuja kunywa kahawa. Akasema nimenawiri, mashavu mekundu kama msichana. Alikaa saa mbili, naye kichwa kikamuuma, akailaumu kahawa yangu. Hajawahi kuwa mtu wa shukrani.

Sasa nataka kulala. Ni saa nane mchana.

Dada yako,
Lavonne


Yuma
25 Januari 1985

Dada,

Barua hii itakufikia baada ya watu, lakini nakuandikia kwa sababu mikono lazima ifanye kitu.

Barua yako niliisomea kituo cha mafuta. Nilipofika kwenye kahawa ya Inez niliacha mlango wa gari wazi nikakimbilia simu. Palmer alipopokea nikamwambia, "Achana na salamu. Toa marobota yote upande wa hita. Fungua mlango, mtoe nje, mbebe kama hataki." Tundu la kutolea moshi wa hita liko ubavuni, chini, dada. Umelikaba kwa mabua. Nyumba ya baba ilikuwa na bomba la moshi juu ya paa, ndiyo maana mliizungushia miaka yote msife. Moshi wa tela hauna pa kwenda, unarudi chini ya sakafu na kuingia kwako, na wewe umeziba kila tundu lingine. Hauna harufu wala rangi. Unamfanya mtu awe na mashavu mazuri na kutaka kulala, ndivyo unavyoua. Nimewabeba wawili kule visimani. Walikuwa wamenawiri.

Palmer aliacha simu ikining'inia. Nikabaki nasikia mkewe akiosha vyombo, sahani moja baada ya nyingine, hajui kitu. Sijawahi kusikiliza sahani namna ile. Aliporudi alikuwa anahema. "Yuko hai," akasema. "Ametapika kwenye buti zangu na amenitukana kwa kuvunja marobota."

Nilikaa chini pale pale, kwenye mafuta yaliyomwagika.

Kosa ni langu. Nilikuambia habari za matangi kurasa mbili na habari za moshi sikusema neno. Toa ule mto paani. Nunua bati na mbao za kuzibia chini, acha tundu la moshi peupe, hatua nzima kila upande.

Usife, Lavonne. Tafadhali.

Delmar


Torsby
4 Februari 1985

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima, daktari naye amesema hivyo. Ahsante. Sijui mtu anaandika nini zaidi ya ahsante kwa jambo kama hili.

Palmer ametengeneza uzio wa bati kama ulivyoeleza. Ndani kuna baridi kidogo, na mto nimeurudisha kitandani. Kichwa kiliacha kuuma siku ya pili. Naamka saa kumi na mbili. Inez ameiomba radhi kahawa yangu.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mchungaji. Daktari aliponieleza kwamba uzito wote ule ulikuwa moshi, nilifurahi. Nikasema, kumbe ni moshi tu. Moshi ukitoka nitamlilia mume wangu kama watu wengine. Umetoka sasa siku kumi. Nimengoja. Nimekaa na picha zake. Nimevaa koti lake. Kichwa ni chepesi na nasoma mstari mara moja, na hakuna kitu.

Kwa hiyo ule uzito mwingine ulikuwa wangu mwenyewe.

Lavonne


Yuma
22 Aprili 1985

Dada yangu,

Salamu, nami ni mzima. Palmer amenipigia. Anasema ameshindilia chuma ardhini na kimeingia futi tatu, na kwamba tarehe kumi na moja Mei wanazika, bibi Olson saa tatu na Arvid saa tano.

Mwaka ule wa mama nilikuwa Wyoming. Siku ya mazishi nilikuwa na gari, mafuta na ruhusa ya siku nne. Nilifika hadi mpakani nikageuza. Mama alikuwa amekufa tangu Januari, na mimi nilikuwa nimeshazoea kutokumzika. Niliogopa kwamba nikimwona akishuka atakufa tena. Hiyo ndiyo sababu, na si nzuri.

Nitakuja. Nitaleta gari lenye nguvu ya kuvuta.

Mdogo wako,
Delmar


Torsby
2 Juni 1985

Mdogo wangu Delmar,

Natumai ulifika salama na mgongo umeikubali ile safari. Hapa kumekuwa kijani, mbu wameshaamka.

Ulikuja. Sikukuambia siku ile, kwa hiyo nakuambia sasa: nilikuona ukiwa mbali, kabla hujazima gari, na nikahesabu pumzi mpaka uliposhuka. Ulishika kamba upande wa kichwani, ukamshusha polepole. Ulirusha udongo kwa koleo mpaka Palmer akakunyang'anya. Mimi nilisimama kama mtu anayengoja basi. Na uliponiambia, "Dada, tulifunge tela, twende," nikakujibu kwamba bado nina shughuli. Ulitazama ndani, ukaona vyombo vimeoshwa na kitanda kimetandikwa, ukaurudishia mlango. Sikuwa na shughuli yoyote.

Baada ya wewe kuondoka niliendelea kuamka saa kumi na mbili na kutembea hatua mia moja na arobaini. Kaburi lake liko upande wa pili kabisa, karibu na barabara. Mimi miguu ilinipeleka kwenye kile chumba cha mawe. Kila siku nasimama pale, nakumbuka, nageuka. Palmer alikuwa ananiona.

Jana nilikuta mlango wa chuma uko wazi. Ndani pamefagiwa. Na pale alipolala Arvid, juu ya zile mbao mbili, kulikuwa na mashine ya kukatia nyasi.

Palmer alitokea nyuma yangu na kopo la mafuta. "Habari za asubuhi, Lavonne," akasema. "Ah, hiyo. Kiangazi huwa naiweka humu, haipati kutu."

Nilimpigia kelele, Delmar. Mimi. Nilimwita mnyama. Nilimwambia aitoe, aitoe sasa hivi, pale ni mahali pa mtu. Aliganda na kopo lake. Nikaingia mwenyewe nikaivuta ile mashine kwa mpini. Ni nzito, haikutoka. Nikapiga magoti nikaikumbatia, inanuka nyasi na mafuta, na nililia mpaka sauti ikakauka. Sijui ni muda gani. Palmer alikaa nje kwenye jiwe akiwa amenipa mgongo, akimfukuza kila aliyekaribia.

Ile huzuni imeniuma mno. Bado inaniuma ninapoandika. Nilidhani nitashukuru ikija, na sishukuru, naogopa. Siwezi kuwa nayo peke yangu ndani ya futi ishirini na mbili.

Mitungi ya gesi nimeifunga, mabomba nimeyakausha kama ulivyonifundisha. Tela lina magurudumu mazima, lakini mimi kulivuta siwezi, wala sitaki kujifunza sasa.

Njoo unichukue.

Dada yako,
Lavonne