Trésor, nyimbo zako za Kijapani zimenichokesha

Bokilo Trésor, mukwe wangu,

Kama ungekuwa hai, singekuandikia. Mama-mukwe hamusemeshe hivi hivi mwanaume wa binti yake. Ulipokuwa unafika kwetu, mimi nilikuwa nakimbilia jikoni, nakusalimia kupitia ukuta, na weye unaitikia ukiangalia viatu vyako. Heshima ile tuliichunga vizuri. Lakini sasa uko chini ya udongo, na mimi nimechoka. Donc, utanivumilia.

Ni nyimbo zako. Zile za Kijapani.

Kijana wa Kisangani, anabeba mizigo ya watu kule uwanja wa ndege wa Bangboka, akipenda muziki atapenda rumba, ao nyimbo za Mungu. Weye ukaenda kupenda za watu wa mbali kabisa, sababu ya filimu zao za katuni. Ukamujazia Sifa wangu telefone yote. Mukawa munakaa kwenye veranda, munasoma Kifaransa kilichoandikwa chini ya picha, munacheka. Nilijiwazia: wataoana, watapata watoto, Kijapani itaisha yenyewe.

Kisha homa ikakubeba, hata wiki haikuisha. Weye ukaenda, nyimbo zikabaki.

Unajua kazi ya Sifa, anasuka nywele hapa mbele ya nyumba. Alifunga kichwa yake na kitambaa cheusi siku ya matanga yako, na hakukitoa tena. Anasuka wengine, yeye hasukwe. Na telefone iko kwenye kiti pembeni, inalia tangu asubuhi. Sauti ya mwanamuke, taratiiibu, kama mutu anatafuta kitu gizani. Hata kama hausikie luga, utalia tu. Mama mumoja wa mutaa wa Makiso alisimama na nusu ya kichwa bado haijasukwa, akaniambia: "Mama Sifa, mimi nilikuja kutengeneza nywele, sikukuja kwenye kilio." Akaenda vile vile, upande mumoja muzuri, upande mumoja kama kichaka. Nilisikia haya mpaka kwenye mifupa.

Siku moja nikamuuliza Sifa: bon, wanasema nini hawa watu? Akanieleza. Moja ni mwanaume aliyeachwa, anavaa koti ambayo mupenzi wake alisema inamufaa. Jua inawaka, yeye iko na koti. Ingine ni mwanamuke anayekataa kuhama nyumba mubovu, inavuja, eti yule wake akirudi atamupata wapi? Nikamuambia: na mama zao wako wapi? Huyu wa koti hana hata shangazi wa kumuvua? Sifa akacheka kidogo. Kisha akasema: "Mama, wale hakuna mutu aliwafungua. Sawa na mimi."

Hapo ndipo nilielewa shida yake, Trésor, na hapo ndipo nilikukasirikia kabisa. Kwetu mujane anafunguliwa. Familia ya marehemu inakuja, mama-mukwe wake anamutoa kitambaa, anamukata nywele, anamupaka mafuta, basi, anarudi kwa watu. Lakini weye ulikuwa umeleta tu vinywaji vya kujijulisha. Mahari bado. Kila siku, kupitia ukuta: "Mama, mwezi unaokuja, mwezi unaokuja." Alors, familia yako ikasema: huyu hakuwa bibi yetu, hatuna cha kufungua. Na Sifa akasema: nilimulilia kama bwana yangu, sisukwe nywele mpaka mama yake anifungue. Ukamuacha katikati ya mulango, mutoto ya watu, si ndani, si inje!

Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Bengamisa kwa mama yako. Njia ile, mugongo wangu unaikumbuka bado. Nikamupata anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akanipokea vizuri, akanipa kiti, lakini maneno ikawa ile ile: "Bokilo, tutafungua namna gani kitu ambacho hatukufunga?" Nikamujibu: kama hamukumufunga, kuja umuambie kwa kinywa chako, mimi hanisikie, anasikia Wajapani tu.

Akaacha kutwanga. "Wajapani gani?"

Sasa nitamueleza namna gani? Sikuwa na ile telefone. Nikaimba, Trésor. Mimi, na umuri yangu, kwenye kiwanja cha bokilo wangu, na kuku wananiangalia, nikaimba Kijapani. Maneno siijui, nilitia tu sauti, na ile mahali inapanda juu ikanikataa, nikakohoa. Mama yako akacheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko ikageuka. Akafunika uso na liputa, kitenge yake ya kiunoni, akasema: "Ile alikuwa anaiimba akioga. Mimi nilikuwa namugombeza: maliza kuoga, wenzako wanangoja." Tukalia wawili pale, na sombe ikakauka kwenye kinu.

Siku ya posho, ile Jumamosi, mama yako akakuja. Hakuleta watu wengi, yeye tu na dada yake. Akamukalisha Sifa kwenye kile kile kiti cha kusukia wengine, akamutoa kitambaa pole pole, akamukata nywele, akamupaka mafuta ya mbila, yale ya mawese, mpaka kichwa ikangaa. Akamuambia: "Enda, mutoto yangu. Trésor hakushike, na mimi sikushike." Sifa alilia sauti moja tu, kubwa. Jioni ile alikula fufu yote, akaomba ingine.

Bon. Mimi nikalala nikijua tumemaliza. Jumanne asubuhi, nasikia nini? Ule wimbo wa koti! Nikatoka na mwiko mukononi: tumekufungua, mama wa watu ametoka Bengamisa, na bado? Akaniangalia kwa macho makavu, Trésor, makavu kabisa. "Mama, sasa nauweka kwa sababu ni muzuri." Na akaendelea kusuka, anafuata na mudomo. Na muteja wake pia anatikisa mabega!

Nimeshindwa. Nimewaachia.

Lakini weye, nisikie vizuri. Mwanaume mwingine atakuja siku moja, mimi namuombea Mungu aharakishe. Akikuja, sitakuficha. Nitamuambia kulikuwa kijana, alikuwa na adabu, aliangalia viatu vyake. Hiyo nakuahidi. Na Bengamisa nitarudi kumuona mama yako, hata kama ile njia itanivunja. Na weye pia fanya upande yako: usimutokee Sifa kwenye ndoto, muache apumuzike. Lala vizuri, mutoto yangu. Ukisikia hamu ya watu wa kwetu, pita kwangu. Mimi bado niko na mengi ya kukugombeza.

Mama Sifa